Tamasha Halimpimi Mchezaji

Kila msimu mpya unapokaribia, Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam hujaa mara mbili ndani ya siku chache. Siku moja ni ya wenye jezi nyekundu na nyeupe, Simba Day. Nyingine ni ya wenye kijani na njano, Siku ya Mwananchi ya Yanga. Muziki unaanza mchana, wachezaji wanatambulishwa mmoja mmoja, kisha jioni inapigwa mechi ya kirafiki na timu iliyoalikwa kutoka nje ya nchi. Kabla watu hawajafika kituo cha daladala, hukumu imeshatoka: huyu jembe, yule garasa, na kwa yule wa tatu tumepigwa.

Tunasema wazi: hukumu hiyo haina msingi. Mechi ya tamasha haimpimi mchezaji, na mashabiki wanaoigeuza kipimo wanaziumiza timu zao wenyewe.

Rekodi zipo, na ni za miaka ya karibuni. Agosti 2021 Yanga waliwaalika Zanaco ya Zambia, wakafungwa 2-1 mbele ya watu wao. Walikuwa wamekaa misimu 4 mfululizo wakimtazama Simba akibeba ubingwa, na usajili wa mwaka ule ulikuwa mkubwa: Djigui Diarra, Khalid Aucho, Yannick Bangala, Djuma Shabani, Fiston Mayele. Wiki chache baadaye Rivers United ya Nigeria ikawatoa kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Aliyetaka kuandika kwamba kundi lile limefeli alikuwa na ushahidi mkononi, tamasha na mashindano yote mawili. Lakini Septemba hiyo hiyo Mayele akamfunga Simba bao pekee kwenye Ngao ya Jamii, na Yanga wakaumaliza msimu wa 2021/22 wakiwa mabingwa bila kupoteza hata mechi moja kati ya 30 za ligi. Bangala akachaguliwa mchezaji bora wa msimu.

Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo. Agosti 2022 Vipers ya Uganda ikaja ikawafunga Yanga 2-0 kwenye siku yao. Mgeni aliyesubiriwa kwa hamu msimu ule alikuwa Stephane Aziz Ki, aliyetoka ASEC Mimosas ya Ivory Coast. Timu iliyofungwa siku ile ndiyo iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, ikapoteza kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini baada ya kufungwa 2-1 Dar es Salaam na kushinda 1-0 Algiers. Mayele aliongoza kwa mabao kwenye mashindano yale. Aziz Ki alihitaji muda zaidi, na msimu wa 2023/24 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Nao Vipers walioonekana moto jijini Dar? Msimu huo huo waliburuza mkia kwenye kundi lao la Ligi ya Mabingwa, na Simba akawafunga nyumbani na ugenini.

Sasa twende Msimbazi, maana ugonjwa huu hauna rangi. Agosti 2023 Simba waliwaalika Power Dynamos ya Zambia, wakashinda 2-0. Mabao yalifungwa na Willy Onana na Fabrice Ngoma, wote wawili wageni wa msimu ule. Uwanja ulilipuka. Ratiba ya Afrika ikawakutanisha Simba na Power Dynamos wale wale kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa, mwezi mmoja tu na siku chache baadaye. Safari hii hapakuwa na jukwaa la muziki. Kule Ndola zikatoka sare ya 2-2, Dar es Salaam 1-1, na Simba akapita kwa mabao ya ugenini huku roho zikiwa mkononi. Wapinzani ni wale wale, wachezaji karibu wote ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na kitu cha kupoteza. Novemba Simba akafungwa 5-1 na Yanga, kocha Robertinho akaondoka, na mwisho wa msimu timu ikamaliza nafasi ya 3 nyuma ya Yanga na Azam.

Atakuja mtu kutuambia tumechagua mifano inayotufaa. Ni kweli zipo siku ambazo tamasha na msimu vilikwenda njia moja. Mwaka 2020 Simba waliifunga Vital'O ya Burundi 6-0 na mwisho wa msimu wakabeba ubingwa. Mwaka 2019 Meddie Kagere alifunga mabao 3 kwenye Simba Day na msimu huo akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 22. Lakini Kagere alikuwa ameshafunga mabao 23 ya ligi msimu uliotangulia. Nani alihitaji Simba Day kumjua? Aliyemwamini Kagere alimwamini kwa kazi ya msimu mzima, na tamasha lilikuja kama nyongeza ya furaha. Na timu hiyo hiyo iliyong'ara siku ile ilitolewa Afrika na UD Songo ya Msumbiji kabla mwezi haujaisha.

Mechi ya UD Songo ina somo lingine ambalo wengi wamelisahau. Aliyewafunga Simba Dar es Salaam siku ile ni Luis Miquissone. Simba wakamfuata, wakamsajili Januari 2020, na Februari 2021 akafunga bao lililoizamisha Al Ahly pale pale Kwa Mkapa. Huyo alionekana kwenye mechi ya kufa au kupona, ugenini, mbele ya uwanja uliojaa watu wanaomzomea. Jicho lililomwona pale liliona mchezaji kweli.

Kwa nini tamasha linadanganya? Tuanze na kanuni. Kwenye ligi kocha ana nafasi 5 za kubadilisha wachezaji. Kwenye mechi ya kirafiki timu zinaweza kukubaliana kubadilisha wengi zaidi, na ndivyo zinavyofanya, kwa sababu kila aliyesajiliwa lazima aonekane. Kikosi cha dakika ya 70 kinakuwa tofauti kabisa na kilichoanza. Kiungo mpya anaingia, anakuta beki aliyeingia dakika 5 kabla yake na mshambuliaji atakayeingia dakika 5 baada yake. Huyo kiungo atampigia nani pasi ya kuaminiana? Muunganiko ambao makocha wanausema kila siku hujengwa kwa wiki za mazoezi na mechi za kweli, na bila muunganiko hata fundi anaonekana wa kawaida.

Kuna miguu pia. Timu zinatoka kambini, na kambi ya maandalizi ya msimu ni mahali pa kuwachosha wachezaji kwa makusudi. Kocha wa viungo anawakimbiza asubuhi na jioni ili Oktoba na Februari wawe na pumzi. Matokeo yake, winga anayeishi kwa kasi anafika siku ya tamasha akiwa na miguu mizito. Shabiki anaona mtu asiyempita beki. Benchi la ufundi linaona mtu aliye kwenye wiki ya 3 ya programu yake, kama ilivyopangwa.

Wageni nao wapo kwenye maandalizi yao. Hakuna anayetaka kuvunjika mguu kwenye mechi isiyo na pointi, kwa hiyo watu wanakabana kwa mbali na mipira ya kugombaniwa inaachwa. Beki wa kati ambaye sifa yake yote ni kuingia kwa nguvu hana pa kuionyeshea. Kipa anaweza kusimama dakika 45 bila kupigiwa hata shuti moja, kisha afungwe bao la kichwa kwenye kona na watu waseme langoni hakuna mtu. Tena kocha mwenye akili hafichui kila kitu siku hiyo. Ngao ya Jamii na ligi zipo mlangoni, na mtani wake anatazama kila pasi kwenye televisheni. Mipira ya adhabu aliyoifanyia kazi mwezi mzima anaiweka mfukoni.

Wenzetu wa Marekani wenye mechi za nyota wa ligi nzima walishakubali hali hii. Mechi ya nyota wa NBA ya mwaka 2024 iliisha kwa 211 dhidi ya 186, namba ambazo hazipatikani pale watu wanapokabana kwa dhati. Ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, iliachana kabisa na mechi ya nyota ya kuangushana, na tangu 2023 nyota wake wanacheza mpira wa kunyang'anyana vitambaa kiunoni. Hapa kwetu tunayo mechi ya hisani ya Samakiba, Timu Samatta na Timu Kiba, iliyoanza 2018. Watu wanaijaza, wanachanga, wanafurahi, na hakuna anayekwenda nyumbani akisema mchezaji fulani avunjiwe mkataba. Akili hiyo hiyo tunaiomba kwenye Simba Day na Siku ya Mwananchi.

Maana hukumu hizi haziishii kijiweni. Zinaingia kwenye simu ya mchezaji usiku ule ule. Ni kijana aliyefika nchini juzi, hajapata hata nyumba ya kuishi, hajui Kiswahili, na anafungua ukurasa wake anakuta matusi ya maelfu ya watu wanaovaa jezi ya timu yake. Mechi inayofuata anacheza kwa woga. Pasi ya mbele anaiona lakini hapigi, anarudisha nyuma kwa sababu pasi ya nyuma haizomewi. Tumetaka mbunifu, tumemgeuza mtu wa kukwepa lawama, kisha tunamlaumu kwa kutokuwa mbunifu.

Baadaye kelele zinapanda hadi ofisini. Viongozi wa klabu zetu wanawasikiliza mashabiki, na ni haki yao, lakini wapo wanaofanya maamuzi ya fedha kwa kufuata kelele. Dirisha dogo likifunguliwa, mkataba wa miaka 2 unavunjwa baada ya miezi 5. Kuvunja mkataba kuna gharama. Klabu zetu si wageni wa kesi za FIFA zinazofunguliwa na wachezaji na makocha walioachwa bila kulipwa stahiki zao, na adhabu ya kufungiwa usajili tunaijua. Fedha inayolipwa kwa aliyeachwa ndiyo ambayo ingejenga uwanja wa mazoezi au kituo cha vijana. Shabiki anayemzomea mgeni dakika ya 20 ya mechi ya kirafiki anachangia bili hiyo, hata kama hajui.

Anayeumia zaidi ya wote ni mchezaji mzawa. Klabu ya Ligi Kuu inaruhusiwa kusajili wageni 12. Kijana wa Kitanzania aliyetoka timu ndogo ya mkoani, akasajiliwa Simba au Yanga, anajua kwamba mbele yake kuna foleni. Anaweza kupewa dakika 15 siku ya tamasha, na pengine hizo ndizo atakazopata mbele ya umati kwa miezi 2. Akipoteza mipira 3, kesi yake imekwisha: "bado mdogo", "ana presha ya jezi", "arudishwe alikotoka". Mgeni angalau ana mkataba mnono unaoilazimisha klabu imjaribu tena. Mzawa hana ngao hiyo. Timu ya Taifa inapokosa mshambuliaji tunashangaa, na wapo washambuliaji tuliowazika kwa dakika 15 za mechi isiyo na pointi.

Sifa za haraka nazo zina madhara yale yale. Mchezaji aliyefunga bao zuri dhidi ya wageni waliochoka anavishwa kilemba cha ukoka, anaimbiwa, jezi yenye jina lake inauzwa kama njugu. Ligi ikianza, mabeki wa mikoani hawana habari na nyimbo hizo. Wanamkaba kwa nguvu kwenye uwanja mgumu, na mechi 4 zikipita bila bao, waliomwimbia ndio wa kwanza kusema wamepigwa. Hakuna aliyewapiga. Walijipiga wenyewe.

Lakini hatutamtupia shabiki mzigo wote. Klabu ndizo zinazopandisha matarajio. Zinamtangaza mchezaji saa sita usiku kwa video fupi yenye mabao yake yote mazuri, zikimwita mwarobaini wa matatizo yote ya timu. Video hiyo haionyeshi pasi hata moja aliyoipoteza. Baada ya wiki 2 shabiki anakwenda uwanjani kumtazama yule wa kwenye video na anakutana na binadamu. Klabu ingeweza kueleza kwa maneno ya kawaida mchezaji huyu anacheza nafasi gani, kocha anamtaka kwa kazi ipi, na atakuwa tayari lini. Hakuna msemaji ambaye angepoteza kazi kwa kusema hivyo.

Wachambuzi wa redio na televisheni nao wana deni. Asubuhi baada ya tamasha wanawapa wachezaji alama kama walimu wa darasa, bila kutaja kwamba huyu alicheza dakika 18 na yule alipangwa nafasi isiyo yake. Tunawaomba wataje dakika na nafasi kwanza, kabla ya maoni. Msikilizaji akisikia "dakika 18, tena akitokea kushoto wakati yeye ni wa kulia", atajipimia mwenyewe uzito wa maoni yanayofuata.

Je, hakuna cha kuona siku ile? Kipo, na shabiki anayependa mpira anaweza kufaidi macho yake. Tazama mguso wa kwanza: mpira ukimfikia, unakaa au unamkimbia? Mguso hauondoki kwa uchovu wa kambi. Tazama kama anageuza shingo kuangalia nyuma yake kabla hajapokea, kwa sababu kiungo anayefanya hivyo ameshajua atapiga wapi. Tazama anachofanya baada ya kupoteza mpira. Anayerudi mbio kuutafuta kwenye mechi isiyo na pointi atarudi pia kwenye mechi ya mtani, na anayesimama akiinua mikono kulalamika amekuonyesha tabia yake. Tazama anavyozungumza na wenzake, kama anaelekeza au amenyamaza. Hayo yaweke akilini kama maswali ya kwenda nayo kwenye ligi. Mabao, chenga na matokeo ya siku ile yaache kwa ajili ya shangwe.

Haki ya shabiki kuhukumu hatuigusi. Ananunua tiketi, ananunua jezi, analipa ada ya uanachama, anasafiri na timu usiku kucha kwenda Mwanza na kurudi. Mpira wetu unaendeshwa kwa mfuko wake na kwa sauti yake, na mchezaji anayelipwa vizuri akiwa mzembe lazima aambiwe. Tunachotaka ni hukumu itolewe mahali pake. Ligi yetu ina mechi 30 kwa kila timu. Mechi 10 ni theluthi yake, sawa na dakika 900 kwa anayecheza zote. Ndani ya mechi 10 mchezaji atakuwa amecheza nyumbani na ugenini, kwenye nyasi nzuri na kwenye vumbi, akiongoza na akifuata, pengine na mtani mwenyewe. Hapo mwenye jicho anaweza kusema lolote, na viongozi wakitaka kumwacha mchezaji watakuwa na cha kueleza.

Klabu zisaidie hilo liwezekane. Baada ya tamasha, kocha aseme hadharani alichokuwa anajaribu: mfumo gani, nani alipangwa wapi, nani bado hajafikia utimamu wa mwili. Dakika za kila mchezaji zichapishwe kwenye kurasa za klabu, kuanzia mechi ya kirafiki ya kwanza hadi ya mwisho. Mazoezi ya siku moja kabla ya ligi yafunguliwe kwa wanachama waone kazi inavyofanyika. Haya hayagharimu hata robo ya fedha ya jukwaa la muziki.

Na wewe shabiki, nenda uwanjani siku hiyo na familia yako. Vaa jezi, imba, piga picha, mshangilie mgeni na mzawa kwa sauti moja. Mtu akikuuliza kama usajili wa mwaka huu unafaa, mwambie aje akuulize baada ya mechi ya 10.